Mueni na Kutu ya Likoni

Nyinyi mliobaki karakana mmenipigia simu mpaka nimekubali. Mlitaka niandike nilivyofanya kazi, wanaokuja wasome. Basi naandika kwa mkono, mjukuu wangu ndiye atakayepiga chapa, na nimemwonya asinirekebishe. Shule niliiwacha darasa la tano na sijamwomba mtu radhi kwa hilo. Waliosoma mpaka mwisho nimewafungulia mlango wa karakana miaka mingi, na wengi walikuja hawajui jiliwa hufungwa kwa kuzungusha upande gani. Hilo nalo si kosa. Kila mtu huanzia mahali.

Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta hapa. Anayezitaka aende ofisini, wanazo kwenye makabati.

Nilianzia Kipevu bandarini, kibarua. Asubuhi tulisimama langoni, msimamizi akapita mbele yetu akichagua mabega. Mimi nilikuwa mwembamba, kwa hivyo mara nyingi nilirudi nyumbani Mjambere jua bado halijapanda. Siku moja lori liligonga lango likapinda, akaja fundi wa kulichomelea, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa. Alitaka mtu wa kumshikia chuma. Nikashika. Cheche zikaniangukia mkononi, nikaendelea kushika mpaka akamaliza.

"We, hukuungua?" akaniuliza.

"Nimeungua."

"Mbona hukuachia?"

"Ningeachia ungeharibu kazi."

Akaniangalia. "Kesho njoo Changamwe, karakana ya chuo, uniulize. Mimi ni Fundi Omari."

Ndivyo nilivyoingia karakana ya chuo. Sikuandika barua ya maombi wala hakuna aliyenihoji. Mkono wangu ulioungua ndio uliotosha.

Fundi Omari alikuwa mtu wa Likoni, mwana wa watu wa zamani, na hakupenda kusema mara mbili. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kugusa mashine ya kukereza. Nilikaa na tupa, napiga tupa kipande cha chuma mpaka kiwe sawasawa pande zote, nikimaliza anakichukua, anakitazama kwenye mwanga, anakitupa pipani. "Kingine." Nilimchukia. Baadaye nikaja kuona kwamba mikono yangu imeanza kujua bila macho, na sijui njia nyingine ya kumfundisha mtu jambo hilo. Nyinyi vijana mnatafuta video. Sawa. Lakini tupa inunueni.

Mashine alinifundisha kwa masikio. Aliniamrisha nigeuke ukutani, yeye anakereza nyuma yangu, halafu ananiuliza: kisu kimechoka au bado? Chuma ni kigumu au laini? Nikikosea ananyamaza, nikipata ananyamaza vilevile, ila nikipata anaendelea na swali jingine. Sifa zake zilikuwa ni hizo. Alipofariki nilikuwa nimeshashika karakana yote, na mpaka leo nikisikia mashine mahali popote hugeuka ukutani.

Sasa nije kwa hao wanafunzi wa likizo, maana najua ndio mnaowataka.

Daktari Mwakio, Mtaita yule mpole aliyesimamia mambo ya utafiti chuoni, alikuja asubuhi moja akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa.

"Mzee Charo, tutapata wageni. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wa sayansi na uinjinia. Likizo ndefu hii watakaa na sisi."

"Wamefukuzwa kwao?"

"Hapana, wamechaguliwa. Kila mmoja anakuja na swali lake la utafiti. Wafadhili wanawalipia chakula na kulala. Mwisho wa likizo kila mmoja anasimama mbele ya watu kueleza alichopata. Mmoja tu huchaguliwa kurudi mwaka unaofuata, kuendeleza kazi yake."

"Na maswali yao yanahitaji chuma?"

"Mengi."

"Nilijua."

Basi wakaanza kuja kila mwaka, mwezi wa tano mvua ikiwa bado inatupiga, wakaondoka mwezi wa nane. Mwanzoni niliwaona kama mzigo. Wanavaa viatu vya wazi, nywele zinaning'inia karibu na mashine, wanaazima bisibisi halafu inakutwa chooni. Nimewahi kufunga lango nikakataa watu kuingia mpaka kila mmoja avae viatu vya kufunika vidole. Mmoja akaniambia huo ni udikteta. Nikamwambia ndiyo.

Lakini nisiwasingizie. Yuko mmoja aliyeleta mchoro wa pampu uliopendeza kama picha ya harusi, na hapakuwa na mahali pa kuingiza spana. Tulicheka naye, akachora upya, na pampu ile bado inavuta maji bustanini. Na yuko msichana wa Wundanyi, mkimya, aliyekaa juma zima hasemi, siku moja akaniambia mashine yangu ya kukereza imepinda. Mashine yangu! Nikamwambia apime mbele yangu. Akapima. Ilikuwa imepinda. Tuliinyoosha pamoja, na yeye ndiye mwanafunzi wa kwanza niliyempa ufunguo wa kabati la vipimo.

Kwa hivyo akija mwanafunzi, msimpime kwa viatu. Mpeni kipande cha chuma na tupa, mmwangalie akitupiwa pipani mara ya kwanza. Anayekasirika atafaa. Anayecheka hajali.

Mueni alikasirika.

Alikuja mwaka mmoja kabla sijastaafu. Aliingia na begi mgongoni, akaniambia, "Sasa mzee!"

"Sasa nini?"

Akasimama. "Pole. Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Machakos. Lakini nimekulia Nairobi."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana unauliza sasa kabla hujaamkua."

Wengine wangenyamaza. Yeye akasema, "Basi nitaamkua kwanza, halafu nitauliza sasa." Na akafanya hivyo kila asubuhi mpaka alipoondoka. Shikamoo mzee, sasa mzee. Nilizoea.

Swali lake lilikuwa rangi. Nyote mnajua bahari inavyokula chuma huku kwetu: bati jipya, lango jipya, ukigeuka limeshakuwa jekundu. Mueni alisoma mahali kwamba maganda ya korosho yana mafuta makali ambayo yakipikwa yanaweza kuwa rangi ya kuzuia kutu.

"Nataka kupika rangi, mzee."

"Rangi hununuliwa dukani."

"Hii haiuzwi. Na maganda huku Pwani yanatupwa bure, wakati rangi nzuri ya dukani mtu wa kawaida haiwezi."

Lango la nyumba yangu mwenyewe lilikuwa limeoza chini na nilikuwa nimelifunga kwa waya. Nikampasulia pipa la kukaangia.

Tuliyakaanga maganda nyuma ya karakana. Anayetaka kujaribu ajue: moshi wake unachoma macho, na mafuta yake yakigusa ngozi yanaitoa. Nilimpa glavu. Siku ya kwanza alivua moja ajikune shavu, mafuta yakamchoma, na alama ile alitembea nayo siku nyingi, watu wakimuuliza kama amepigana. Alijibu kwamba amepigana na korosho na korosho imeshinda. Rangi ya kwanza haikukauka. Ya pili ilikauka ikamenyeka kama ganda la yai. Ikaja moja nyeusi, inayong'aa, iliyoshika.

Nilimkatia vipande vya chuma, kila kimoja ukubwa wa kiganja, yeye akavipiga tupa kingo zote. Tukavigonga namba. Vingine akaviacha vitupu, vingine akavipaka rangi ya dukani, vingine ya korosho. Akavipima kimoja kimoja kwenye mizani ya maabara, ile ambayo ukipumua karibu inatikisika. Mwisho wa likizo angevirudisha kwenye mizani ileile aone kutu imebadilisha vipi uzito wa kila kimoja. Hiyo ndiyo kazi yote. Ni rahisi kueleza, ni ngumu kungoja.

Nilichomelea vichanja vitatu vya kuvifungia. Kimoja tulikiweka Kipevu, juu ya stoo ya rafiki yangu mmoja, wakala wa kutoa mizigo bandarini, ambapo kuna moshi na vumbi la malori. Cha pili juu ya paa langu Mjambere, mke wangu akalalamika kwamba majirani wanamuuliza tunaanika samaki gani. Cha tatu ndicho kilichokuwa na maana, Likoni, mahali pa kupigwa na upepo wa chumvi moja kwa moja. Nyumba nilimtafutia mimi. Nilimpeleka kwa Bi Mwanasha, dada wa marehemu Fundi Omari, mjane anayeuza mahamri asubuhi. Upenu wake unatazama bahari.

"Mlete mtoto wa watu na vyuma vyake," alisema Bi Mwanasha. "Kwangu havitapotea hata kimoja."

Na havikupotea.

Kila Jumamosi Mueni alivuka feri kwenda kuvipiga picha. Yaliyopita kati yao nilikuja kuyajua baadaye, kwa sababu wote wawili walinieleza. Bi Mwanasha anavitazama vile vitupu vinavyogeuka vyekundu, anasema, "Mwanangu, vyuma vyako vinaharibika." Mueni anajibu, "Haina shida, mama. Viache tu." Juma lifuatalo vimezidi. "Mwanangu, ona." "Haina shida kabisa, mama."

Aliyezaliwa huku ataelewa mara moja. Mgeni mwenye adabu ukimvunjia kikombe chake atakwambia haina shida. Ukimmwagia chai, haina shida. Kwa hivyo kila Mueni alivyosema vile, Bi Mwanasha alizidi kuona msichana mstaarabu anayevumilia vitu vyake vikioza nyumbani kwa watu. Na kwa Bi Mwanasha, kama kwa mama yangu na mama zenu, kitu cha mtu kikikaa kwako hakitoki kikiwa kibaya kuliko kilivyoingia. Sahani ya jirani hairudi na doa.

Siku ya kuvichukua nilikwenda na Mueni, nimebeba spana. Likizo ilikuwa imebaki kidogo. Tulifika, nikaona kichanja hakina kitu.

Bi Mwanasha akatoka na sinia limefunikwa kitambaa cheupe. Uso wake ulikuwa unacheka. Akafunua.

Vilikuwa vimepangwa kwa safu, vinang'aa kama vijiko vya harusi. Harufu ya mafuta ya nazi ikatujia.

"Nimevisugua na wajukuu wangu jana kutwa," alisema. "Kwa makumbi ya nazi na mchanga, mpaka mikono ikatuuma. Wallahi nilikuwa naona haya, kila ukija vinazidi na wewe husemi neno. Basi leo chukua vitu vyako, vimetakata."

Mueni akakiokota kimoja. Kilikuwa cha korosho. Rangi yake nyeusi ilikuwa imesuguliwa yote, imebaki ndani ya tarakimu tu, pale nilipogonga namba. Akakigeuza. Akakirudisha mahali pake kwenye safu, taratibu.

Mimi nilimtazama yeye. Nilisema moyoni, sasa atapiga kelele, au atalia, na Bi Mwanasha atataka kujua kwa nini.

"Asante sana, mama," akasema. "Vimetakata kweli."

Tukakaribishwa mahamri na mbaazi. Akala. Akaongezwa, akala tena. Akawaambia wajukuu wamefanya kazi nzuri. Tulipoaga, Bi Mwanasha akaniambia kando, "Huyu amelelewa."

Kwenye feri ndiko alikokaa juu ya begi lake akaweka uso magotini.

"Mzee, nimekwisha."

"Bado."

"Bado nini? Likoni ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nani anataka kujua rangi inayofaa Mjambere?"

"Mimi naishi Mjambere."

Hakucheka. Nami sikuwa nimekusudia acheke sana.

Kesho yake alikuwa karakana na vile vipande mezani. Akaja mwenzake, Brian, kijana mchapakazi aliyetengeneza kichujio cha maji ya visima. Mnyooshaji wa mambo.

"Picha si unazo?" alisema Brian. "Za kila wiki. Angalia picha, linganisha na za Kipevu, kadiria uzito, weka."

"Nikadirie?"

"Si uongo. Ni makadirio. Maze, nani atavuka feri kwenda kuuliza?"

"Ondoka kwenye meza yangu," nikamwambia Brian.

"Mwache, mzee," akasema Mueni. "Amesema tu ninachowaza."

Nikamwambia asiandike uzito ambao hakuupima. Nilisema kwa ukali, kama nisemavyo. Akanigeukia.

"Kwako ni rahisi. Wewe kesho utakuwa hapa hapa na mashine zako. Mimi nisipochaguliwa kurudi, rangi hii imeishia hapa. Chuoni kwetu wameshaniambia, utafiti wangu wa mwaka wa mwisho uwe wa kompyuta, usiohitaji maganda wala mapipa. Nikiweka uzito wa Likoni, nina nafasi. Nikiacha wazi, sina. Ni hivyo tu."

Nilichukua tupa nikarudi kwenye kazi yangu. Akasema, kwa sauti ya chini:

"Na Bi Mwanasha anakuja."

"Anakuja wapi?"

"Siku ya kueleza kazi. Niliwaalika wote walioniwekea vichanja. Mke wako pia anakuja, hakukuambia?"

Hakuniambia.

"Basi mwambie Bi Mwanasha asije."

"Nimwambie nini? Amenunua buibui jipya." Akajishika kichwa. "Nikidanganya, nimedanganya mbele yake. Nikisema kweli, nimemwaibisha mbele ya wageni. Alivisugua kutwa nzima, mzee. Na watoto."

Nyinyi mnaosoma haya mtakutana na jambo kama hili, na mtatamani fundi awe na la kusema. Nilimwachia taa ya karakana na ufunguo.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Walikuwapo wageni wa wafadhili na tai zao, Daktari Mwakio mbele, wanafunzi pembeni. Sisi wenyeji wa vichanja tulikaa safu moja: rafiki yangu wa Kipevu, mke wangu, mimi, na Bi Mwanasha katika buibui lake jipya, ananukia udi. Brian alieleza kichujio chake, akamimina maji ya kisima yakatoka safi, watu wakapiga makofi. Yalistahili.

Mueni alipopanda akaomba ruhusa aseme kwa Kiswahili, kwa sababu waliomsaidia wako hapa. Akaeleza maganda, akaeleza pipa, akaonyesha alama ya shavuni, watu wakacheka. Ukutani alionyesha hesabu za Kipevu na za Mjambere. Rangi ya korosho ilikuwa imeshikilia vizuri, sawa na ya dukani au zaidi kidogo. Halafu ikaja sehemu ya Likoni. Ilikuwa tupu.

"Za Likoni sina," alisema. "Vipande vilisafishwa kabla sijavipima. Kosa ni langu. Niliweka vitu nyumbani kwa watu, sikueleza ninavitakia nini."

Mgeni mmoja mwenye miwani akainua mkono. "Vilisafishwa na nani?"

"Kosa ni langu, bwana."

"Nimesikia. Lakini nani? Ni mfanyakazi wa chuo?" Na akanitazama mimi, na ovaroli yangu.

Nami nikamtazama yeye.

Bi Mwanasha akaniinamia. "Charo. Kwani vilitakiwa vioze?"

"Ndiyo, Bi."

"Vioze kwa makusudi?"

"Ndiyo."

"Mbona hamkusema?"

Kabla sijapata neno alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi," alisema, na ukumbi wote ukageuka. "Mimi na wajukuu zangu. Kitu cha mtu kikikaa kwangu hakitoki kichafu. Angeniambia anataka kutu, ningemwonyesha bati la jiko langu, lina kutu tangu mume wangu yu hai."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akangoja wanyamaze.

"Siku ile mtoto huyu alikula kwangu. Akashukuru. Hakunionyesha uso. Mimi haya nayasikia leo, hapa, pamoja na nyinyi." Akamgeukia Mueni. "Haya, mwanangu. Endelea."

Mueni alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili. Akaendelea.

Aliyechaguliwa alikuwa Brian. Kichujio kilifanya kazi na sitasema vingine. Mueni alisifiwa kwa uaminifu, yule mwenye miwani mwenyewe akampa mkono, na tuseme tu kwamba sifa hazikaangi maganda.

Nje, Bi Mwanasha alikuwa anangoja.

"Wamekupa?"

"Hawakunipa, mama."

"Kwa sababu yangu."

"Hapana mama, haina..."

"Usiniambie haina shida! Neno hilo nimelichoka." Akamshika mkono. "Likizo nyingine utakuja na vyuma vyako. Utalala kwangu, utakula kwangu, hao wenye tai hatuwahitaji. Charo, vyuma unavyo?"

"Mabaki yapo."

"Basi."

Daktari Mwakio alisema ufadhili hana, ila mizani hailipishwi na karakana ni ya Mzee Charo mpaka siku atakayoondoka. Na huko chuoni kwao Mueni alikataa utafiti wa kompyuta. Aliwaambia anayo nyumba ya utafiti Likoni. Sijui walimwelewaje.

Likizo iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwangu. Mueni alikuja siku za mwanzo tu, kwa sababu mwaka ule ilimlazimu kufanya mafunzo kiwandani Nairobi. Alipika rangi, nikamkatia vipande, tukavipima, tukavifunga Likoni, akaondoka. Aliviacha mikononi mwa Bi Mwanasha, na mara hii alimweleza kila kitu mpaka yule bibi akamwambia inatosha, amesikia.

Nilipita mara kwa mara, nikaona ulinzi ambao bandari haina. Hakuna mtoto aliyecheza upenuni. Hakuna nguo iliyoanikwa karibu. Aliyekuja kununua mahamri akauliza ni vitu gani hivyo alijibiwa, "Vinaoza. Usivipumulie." Mueni alipoomba kwa simu apigiwe picha, Bi Mwanasha alimkataza mjukuu, akasema mwanga wa simu haujui utafanya nini. Kwa hivyo kule Nairobi mwenye kazi alikaa miezi hiyo yote hana habari hata moja.

Siku aliyorudi tulikubaliana tukutane pale asubuhi. Nilifika mimi kwanza, yeye akiwa bado kwenye feri. Nikasema nimpunguzie kazi. Nikapanda juu ya kigoda, nikatia spana kwenye nati ya kwanza.

"Charo! Toa mkono!"

Bi Mwanasha alikuwa mlangoni na mwiko.

"Bi, ni mimi niliyevikata hivi."

"Hata ungekuwa umevizaa. Mwenyewe hajaja."

Nikatia spana mfukoni, nikakaa barazani. Akaniletea chai bila kuniondolea macho.

Mueni akaja karibu anakimbia, begi linamrukaruka mgongoni. Hakuniuliza sasa. Alisimama mbele ya Bi Mwanasha, anahema, akashindwa kutazama upenuni.

"Shikamoo mama. Vipi?"

"Marahaba. Vimeoza vizuri sana, mwanangu, vyote vitupu, na vya dukani vimeanza," alisema Bi Mwanasha. Kisha akashusha sauti, kwa huruma, kama mtu anayeleta habari mbaya. "Ila hivi vyako vya korosho, nimeviangalia kila siku, vimekataa."